Waya Niliousokota kwa Mkono wa Kushoto

Kisima chetu cha zamani kilikuwa ndani ya korongo, nyuma ya kijiji cha Buigiri ukielekea mashambani. Kusema kisima ni kukipa heshima, lilikuwa shimo tu. Mvua zikiisha maji yanazama mchangani, na watu wanayafuata kwa jembe wiki hadi wiki. Ikifika Oktoba shimo limekuwa refu kiasi kwamba ukiinama kuchungulia huoni kitu, na baridi inakupiga usoni kama kuna mtu kule chini anakupumulia.

Kamba za kutekea alikuwa anazisokota mzee mmoja asiyeona, akikaa kwenye ukuta wa duka la chumvi na mafuta ya taa. Sitaki umfikirie kuwa mtu wa hekima. Alikuwa mkali, anavuta ugoro, anatukana hata kuku. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi, nikienda kumsaidia kusokota katani kwa sababu bibi aliyenilea hakutaka kuniona nimekaa bure.

Sasa mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Bibi aliufunga mkono ule kwa kitambaa wakati wa kula, na kwenye kula ukatii. Kwenye kazi ulikataa kabisa. Siku moja yule mzee akapitisha vidole kwenye kamba niliyomaliza, vikasimama katikati.

"Hii kasokota nani?"

"Mimi, babu."

"Wewe wa kushoto."

"Ndiyo, babu."

"Toa uchafu wako hapa. Kamba ya kushoto ukiiunga na ya kulia, zikibeba mzigo zinafunguana. Kila moja inataka kurudi kwao."

Niliona ananionea. Kamba yangu nikaenda nayo nyumbani, na kamba ya bibi ilipokuwa fupi kwa shimo la Oktoba, nikaziunga. Ndoo ikashuka. Ikashika maji, nikaanza kuvuta, na ndani ya viganja nikasikia kamba inazunguka. Taratibu, kama vile kule chini kuna mtu ameishika ndoo anaigeuza. Halafu uzito ukaisha. Nikainama nisikilize ndoo inavyoanguka. Sikusikia kitu. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma, na mpaka leo, nimebaki na meno sita, sijaisikia ile ndoo ikifika chini.

Bibi alinichapa kwa ajili ya ndoo. Sikumwambia habari ya kuzunguka.

Nimeanza mbali, najua. Shule niliishia darasa la nne, sikufundishwa kuandika jambo kwa mstari mmoja. Lakini mkono ule ule ndio nilioingia nao kwenye ufundi, kwa hiyo sijatoka nje ya habari.

Gereji yangu iko Nzuguni, tangu kabla mji haujatufikia. Bati nne na turubai, kando ya barabara ya vumbi. Siku hizi tumezungukwa na nyumba za watumishi wa serikali, wenye geti la umeme na mbwa wa kizungu, na vijana wa chuo wanaoniletea pikipiki wakisema "Mzee, ina issue ya electrical." Naitikia tu. Pikipiki ina magonjwa machache sana. Inakosa mafuta, inakosa hewa au inakosa moto, yaani umeme. Mengine ni mbwembwe.

Kuna swichi moja lazima nikueleze, maana bila hiyo hutanielewa. Pale kwenye stendi ya pembeni, ile ya kuegeshea, pikipiki nyingi huja na swichi ndogo. Ukisahau stendi ikiwa chini ukaingiza giya, swichi inazima injini usije ukajikwaa nayo barabarani ukafa. Kitu kizuri. Lakini vumbi la Dodoma haliko kwenye kitabu cha waliotengeneza. Miezi sita tu swichi imejaa udongo mwekundu, stendi ikiwa juu yenyewe inadhani iko chini. Injini inamisi, inakohoa, inazima. Bodaboda anakuja amefura. "Babu, ondoa takataka hii!" Na sisi mafundi tunaondoa. Tunakata nyaya zake mbili, tunazisokota pamoja, umeme unapita moja kwa moja, swichi imebaki pambo. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Fundi gani wa hapa hajafanya? Mwenye pikipiki anashukuru, anaondoka anapiga honi.

Tepu ya umeme ikiniisha, nilikuwa nachukua kipande cha mfuko wa rambo, ile mifuko ya plastiki kabla haijapigwa marufuku, nazungushia juu ya kiungo na kukiyeyusha kwa kiberiti. Inashika kama kovu. Mimi nilipenda ya bluu, kwa sababu mke wangu alikuwa na mafungu yake ya rambo uvunguni mwa kitanda, na za bluu hakuzihesabu.

Basi.

Mwaka juzi, kiangazi, asubuhi, kijana mmoja alikuja anasukuma pikipiki. Amevaa koti zito kwenye joto lile, mguu wa kulia anauburuta kidogo. Akaniangalia nimekaa kwenye kopo la rangi.

"Shikamoo, babu. Wewe ndiye fundi, au unamsubiri fundi?"

"Marahaba. Fundi amekufa, nimebaki mimi."

Huwa natania hivyo, na watu hucheka. Yeye hakucheka. Akaegesha pikipiki, akavua kofia, nikaona kovu limeanzia kwenye sikio likaingia ndani ya koti.

"Inazima," akasema. "Haizimi kila wakati. Naomba uniambie kwa nini."

"Nitakutengenezea."

"Sijasema unitengenezee, babu. Naomba uniambie kwa nini."

Nikamwekea kopo lingine akae. Alieleza akiangalia chini, kama mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi kwa watu ambao hawakumwamini. Miezi minane nyuma alikuwa amempakia mdogo wake wa kike, aliyekuwa anasoma chuo, anampeleka stendi ya mabasi. Wanavuka barabara kuu. Lori liko mbali, nafasi ya kutosha. Katikati ya lami injini ikazima. Yeye akaamkia hospitali. Mdogo wake hakuamka.

"Sasa," akasema, akainua kidole gumba cha kulia akakiangalia, "mimi nina tabia mbaya. Bodaboda wengi tunayo. Nikiwa kwenye mteremko nazima injini kwa ile swichi nyekundu ya kwenye usukani, nateremka bure, mafuta yanabaki. Kidole kimezoea, kinaenda chenyewe. Na pale tulikuwa tumetoka kwenye mteremko."

Nami nikakitazama kile kidole.

"Mama aliniuliza swali moja tu msibani. Ulizima wewe, au ilizima yenyewe? Nikasema sijui. Akasema basi nisirudi mpaka nijue. Kwetu ni kule mbele ya Buigiri. Sijakanyaga tangu tumzike."

"Na pikipiki unaiendesha?"

"Ndiyo riziki yangu. Ilinyooshwa vyuma, ikarudi barabarani. Abiria sipakii tena, nabeba mizigo ya sokoni Majengo, naifunga mbele kwenye tanki. Ila bado inazima, babu. Na ikizima..." Akasita. "Utaniona nimechanganyikiwa."

"Sema, mwanangu. Hapa wanaletwa waliochanganyikiwa na pikipiki zao."

"Ikizima, naanza kusikia kiti cha nyuma kinazama kwanza. Kama mtu amekaa."

Nikasema hiyo ni shokapu, springi ya nyuma, imechoka. Nilisema haraka mno.

Siku ile nilianza na swichi nyekundu, maana ndiko roho yake ilikokuwa. Nikaifungua, nikaipuliza, nikaipima. Ilikuwa nzima na ngumu, kidole lazima kiwe kimekusudia. Nilipomwambia hivyo alitikisa kichwa. "Kidole changu kinakusudia bila mimi," akasema. Nikaja kwenye plagi, rangi yake nzuri kama biskuti. Koili nzima. Kabureta safi kuliko sahani za nyumbani kwangu. Nikaiwasha, nikaiacha inanguruma kwenye stendi yake ya katikati kutoka saa tatu mpaka adhana ya alasiri. Haikumisi hata mara moja. Mama wa uji wa jirani alikuja kuniomba niizime, wateja wake hawasikilizani.

"Niachie," nikamwambia yule kijana. "Kesho niiendeshe mwenyewe."

Kesho yake nikashika njia ya Buigiri. Mchana mweupe, jua limesimama, hakuna upepo, na ukiwa unaijua Dodoma unajua mchana bila upepo si jambo la kawaida kwetu. Mashamba ya mtama yalikwisha kuvunwa, mabua yamesimama. Pikipiki inakwenda vizuri. Nikaanza hata kuimba. Naimba vibaya, lakini nani ananisikia.

Nilipokaribia kalavati moja nikapunguza mwendo, na pale nyuma yangu kiti kikazama.

Nitaandika kama ilivyokuwa, wala sitaongeza chumvi. Nimepakia watu miaka zaidi ya arobaini. Naujua uzito wa mtu anapopanda, usukani unakuwa mwepesi, mgongo wako unapata joto. Usukani ukawa mwepesi. Joto sikupata. Nilipata baridi, ile ile ya shimo la Oktoba, ikapita kwenye shati mpaka kiunoni. Injini ikakohoa mara mbili ikazima. Nikaserereka kimya mpaka juu ya kalavati, nikaweka miguu chini.

Sikugeuka. Watu wakisikia habari hii huniuliza, "Ukageuka?" Sikugeuka. Nilimwangalia mbuzi mmoja aliyekuwa upande wa kulia wa barabara, na yule mbuzi alikuwa hanitazami mimi. Anatazama nyuma yangu. Kisha shokapu zikapumua, kiti kikapanda, nikapiga kiki, ikawaka mara moja kama haikuwahi kuumwa.

Nilirudi Nzuguni kwa giya ya pili njia nzima.

Nikafungua kiti, maana ugonjwa unaokuja na uzito unatafutwa chini ya uzito. Pale nyuma ya betri, karibu na tairi, nyaya mbili za ile swichi ya stendi zilikuwa zimeungwa zikalazwa juu ya chuma. Chini ya kiti kuna mguu wa mpira. Mtu akikaa nyuma, ule mguu unakanyaga kiungo. Kiungo kimelegea, kikikanyagwa kwa pembe fulani kinaachana, moto unakatika. Mtu akishuka, kinagusana tena. Dereva peke yake hakifikii. Abiria lazima awepo.

Kiungo chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa rambo ya bluu.

Nikaikwangua kwa kucha. Shaba ikaonekana, imesokotwa kwenda kushoto.

Mafundi wote ninaowajua Dodoma hii wanasokota kulia. Hata kama ningetaka kujidanganya, mfuko ule niliuchukua uvunguni kwangu. Pikipiki hiyo sikuikumbuka, wala mwenyewe wa kwanza. Yule kijana aliinunua kwa mtu, labda na yule naye kwa mtu. Zimepita mikononi mwangu nyingi. Nyaya zile nilizisokota dakika tatu, nikazilaza pale kwa sababu palikuwa karibu, nikasema haya, nenda.

Sasa nikiri kila kitu, maana kaburini sitaandika. Nilichukua tepu mpya. Nikachukua koleo. Nilikuwa nimeamua kukata kile kiungo, kufunga kingine safi, kwenda kulia, na kesho nimwambie ilikuwa plagi. Plagi haina mwenyewe. Lakini plagi angeibeba vipi mpaka kwa mama yake? Aliniona nikiitazama plagi ile siku ya kwanza, nikaisifia. Angejua nimemdanganya, na angerudi kwenye kidole chake, akae nacho maisha yote. Nikaweka koleo chini. Nikarudisha kiti kama kilivyokuwa.

Siku ya tatu alikuja kama saa saba mchana. Mama wa uji alikuwa amekwisha kufunga, barabara tupu. Nilikuwa nimetayarisha kitaa changu cha kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, nikaifunga kwenye ule waya, upande wa pili wa kiungo. Nikafungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Balbu ikawaka.

"Hii ikiwaka, moto unapita," nikamwambia. "Ikizima, injini nayo imezima. Angalia."

Nikakandamiza kiti cha nyuma kwa mikono yote miwili, nikakisukuma pembeni. Balbu ikazima. Nikaachia. Ikawaka. Nikarudia mara tatu, nne. Yeye akasogea akakandamiza mwenyewe, taratibu, kama anayegusa kichwa cha mtoto aliyelala. Ikazima. Akaachia. Ikawaka.

"Kwa hiyo siku ile..."

"Ulikuwa umepakia. Mlipofika kwenye lami kuna kimwinuko, yeye akasogea nyuma. Ikakatika. Kidole chako hakikugusa kitu."

Alikaa chini kwenye vumbi. Hakulia, alikuwa anapumua tu kama aliyepanda mlima. Muda mrefu. Nilitamani sana aondoke hapo hapo, na furaha yake, asiulize lingine.

"Nani aliunga hivyo, babu?"

Nilimwonyesha kiungo. Nikamweleza rambo, nikamweleza msokoto. Kisha nikanyoosha mkono wangu wa kushoto mbele yake, ulivyo, na grisi yake, na kidole kimoja kilichokatwa na cheni. Nilitaka anipige. Kulikuwa na spana kubwa karibu na goti lake, niliiacha pale makusudi.

Akautazama mkono. Akafungua mdomo aniambie kitu.

Balbu ikazima.

Hakuna aliyekuwa amegusa. Mimi nilikuwa huku, yeye yuko chini, hatua mbili kutoka kwenye pikipiki. Shokapu zikalia ile sauti yake ndogo na kiti cha nyuma kikashuka, kiasi cha vidole viwili, kikatulia hapo. Turubai juu yetu halikutikisika. Baridi ikaja chini chini, kwenye vifundo vya miguu. Nikasikia masikio yangu yanasubiri kitu kianguke, kama siku ile ya korongo.

Yule kijana akasimama. Mimi nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Akaisogelea pikipiki, upande wa kushoto, anakosimama dereva akishamfikisha abiria, na akasema kwa sauti ya kazi, ile wanayoitumia bodaboda mara hamsini kwa siku:

"Shuka, mdogo wangu. Tumefika."

Kiti hakikupanda. Kisha akasema tena, kwa upole zaidi, "Shuka. Mama anasubiri."

Kiti kikapanda. Balbu ikawaka, njano, imara, haikuchezacheza tena.

Tulisimama tunaitazama ile balbu kama wajinga wawili. Nikamwambia, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, kwamba ningefunga kiungo kipya sasa hivi, dakika tano, aondoke nayo. Akasema, "Hapana, babu." Nikamwambia basi nifuatane naye kwa mama yake, nimweleze mwenyewe, mkono ni wangu. Akafikiri kidogo.

"Nitamwambia," akasema. "Nitamwambia ilizima yenyewe."

"Mwambie na aliyeiunga."

"Nitamwambia na hilo."

Akatundika kofia yake kwenye usukani. Ufunguo hakuuchomoa. Akainama kidogo, "Shikamoo," akasema, kama ndiyo kwanza anafika, nami nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," na ikawa ndiyo kuagana. Alitoka chini ya turubai akashika upande wa barabara kuu, kuelekea Buigiri, kwa miguu, na ule mguu wa kuburuta. Nilitoka nje kumtazama. Mabasi mawili yalimpita yakampigia honi apande, hakuinua mkono. Alikuwa anatembea ukingoni kabisa, kwenye majani, mwendo mdogo, na upande wake wa ndani, mbali na magari, ameacha nafasi ya mtu mmoja. Akaenda hivyo mpaka vumbi la basi la pili likamfunika, na lilipotulia alikuwa bado anakwenda, mdogo, kisha sikumwona, wala hakurudi tena.